Tarehe 12 Desemba redioni: matukio matatu ya kusema, matano ya kuweka akiba

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nafundisha fizikia katika sekondari moja wilayani Kongwa. Redio ya jamii hapa mkoani Dodoma imenipa dakika 15 tarehe 12 Desemba kwa kipindi cha "Leo katika historia ya sayansi". Mtandaoni nimekusanya matukio manane: Marconi kutuma ujumbe wa kwanza kuvuka Atlantiki (1901), kuzaliwa kwa Robert Noyce (1927), ajali ya kinu cha nyuklia Kanada (1952), hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya mto wa hewa (1955), setelaiti OSCAR 1 (1961), setelaiti ya Kenya iitwayo Uhuru (1970), udongo wa rangi ya chungwa kuokotwa Mwezini (1972) na hisa za Apple kuuzwa kwa umma (1980). Je, niyaseme yote? Nitajuaje kama tarehe ni za kweli? Na je, kuna jaribio dogo la kufanya studio? Wanafunzi wako likizo, watasikiliza.

JIBU: Mwalimu, salaam. Usiyaseme yote. Mtu anayesoma kwa utulivu hutamka maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Ukitoa salamu na muziki wa kufungulia na kufungia, unabaki na dakika 12 hivi, sawa na maneno 1,300. Yagawe kwa manane uone: kila tukio linapata maneno 160, yaani jina, mwaka na mahali, halafu tukio jingine linaingia. Mama anayechagua mchele huko Mpwapwa huku redio inaongea hatabaki na lolote. Chagua matatu yanayoshikana, na orodha yako inayo tayari: Marconi, OSCAR 1 na Uhuru. Yote ni habari za mawimbi na anga, kila moja linamwandaa msikilizaji kwa linalofuata, na la kwanza unaweza kulifanya lisikike kwa tupa na betri ya tochi.

Kabla ya kuandika chochote, rekebisha mambo matatu. Marconi hakutuma ujumbe siku ile. Alichosema alikisikia ni herufi moja ikirudiwarudiwa. Uhuru haikuwa setelaiti ya Kenya. Na ule udongo wa Mwezini, kwa saa za Dodoma, haukupatikana tarehe 12.

Hilo la tatu ndilo huharibu vipindi vingi vya namna hii, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Tarehe ina mahali pake. Chukua daftari, kila tukio lipe safu tatu: saa ya mahali lilipotokea, saa ya dunia, yaani UTC, na saa ya Afrika Mashariki, ambayo ni UTC ukijumlisha 3. OSCAR 1 iliruka kutoka California saa 12:40 ya huko. Kwa UTC ilikuwa 20:40, na kwetu 23:40. Roketi ingechelewa dakika 20 tu, Tanganyika ingekuwa imeingia tarehe 13. Sasa tazama Apollo 17, safari ya Wamarekani kwenda Mwezini. Eugene Cernan na Harrison Schmitt walianza matembezi yao ya pili juu ya Mwezi saa 23:28 UTC, tarehe 12 Desemba 1972. Houston, kulikokuwa na kituo cha kuwaongoza, ilikuwa 17:28, jioni ya tarehe hiyohiyo. Dodoma ilikuwa 02:28 ya tarehe 13, watu wamelala. Udongo wenyewe waliuona saa kadhaa baadaye, kwenye ukingo wa kreta iitwayo Shorty, kwa hiyo hata kwa UTC ilikuwa tayari tarehe 13. Wamarekani wanaoandika tarehe 12 hawakosei, wanafuata saa ya Houston. Tukio ni zuri, maana rangi ile ilitokana na vipunje vya kioo vilivyorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita, lakini litangaze kesho yake.

Kiswahili nacho kina mitego yake miwili hapa. Ukiona kwenye karatasi "10:53 UTC" ukaisoma redioni "saa kumi na dakika 53", msikilizaji ataelewa ni alasiri, jua linaelekea kuzama. Geuza kwanza: 10:53 UTC ni 13:53 ya hapa, nayo kwa mdomo ni saa saba na dakika 53 mchana. Andika kwa maneno kwenye karatasi ya kusomea, usiache tarakimu, maana mbele ya maikrofoni akili hukimbia. Mtego wa pili ni usiku. OSCAR 1 iliruka siku ya Jumanne, lakini ukisema "usiku wa Jumanne", wazee wengi wataelewa usiku wa kuamkia Jumanne, kwa sababu katika hesabu yetu ya asili usiku hutangulia mchana wake. Sema "usiku wa tarehe 12 kuamkia 13".

Baada ya saa, jiulize ni tendo lipi hasa lililotokea siku hiyo: jambo kufanyika, kutangazwa, au kusajiliwa? Hovakrafti ni mfano. Tarehe 12 Desemba 1955 ndiyo siku Christopher Cockerell alipowasilisha ombi la hataza. Majaribio yake ya kwanza, ya makopo mawili, moja dogo likiwa ndani ya jingine na hewa ikisukumwa katikati yake, yalikwishafanyika kabla. Ukisema "alivumbua siku hii" umekosea, hata kama tarehe ni sahihi. Kisha tafuta vyanzo viwili visivyonakiliana. Kurasa tano zenye sentensi ileile, hata koma ileile, ni chanzo kimoja kilichochapwa mara tano. Kinachosaidia zaidi ni taarifa ya taasisi iliyofanya kazi yenyewe, kisha kitabu au makala ya mtu aliyezisoma nyaraka za wakati huo. Maktaba ya mkoa au ya chuo kikuu hapo mjini itakufaa kuliko kushinda na simu. Na kama kipindi kitaendelea hadi Krismasi, jihadhari na Isaac Newton: alizaliwa 25 Desemba 1642 kwa kalenda waliyotumia Waingereza wakati huo, ambayo kwa kalenda yetu ni 4 Januari 1643.

Sasa Marconi. Tarehe 12 Desemba 1901, kwenye kilima cha Signal Hill, mjini St. John's, kisiwani Newfoundland, Guglielmo Marconi na msaidizi wake George Kemp walikaa wakisikiliza kwa zamu. Ng'ambo ya bahari, Poldhu huko Cornwall, kama kilomita 3,400 kutoka hapo, mtambo wa cheche uliobuniwa na John Ambrose Fleming ulikuwa ukirusha nukta tatu, nukta tatu, nukta tatu: herufi S kwa alama za Morse, mfumo wa nukta na vistari. Mnamo saa sita na nusu mchana kwa saa za huko, Marconi alimpa Kemp kipokezi cha sikioni amuulize kama naye anasikia.

Msikilizaji wako atauliza kwa nini S. Kistari kirefu kingeutesa mtambo wa Poldhu, uliokuwa ukifanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, ilhali nukta ni fupi. Tatizo ni kwamba nukta ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuchanganywa na radi. Hapa Dodoma jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwa sababu Desemba mvua zinaanza. Washa redio ya AM wakati wingu limekaa upande wa Kondoa, kabla hujasikia ngurumo yoyote kwa masikio utasikia redio inafanya krr, kr-kr. Kila mlio ni radi moja ya mbali. Milio mitatu ikifuatana, umepata S bila mtu kuituma.

Kwa nini basi hapakuwa na ushahidi wa karatasi, wakati vipokezi vya Marconi viliweza kuchora alama kwenye utepe? Jibu liko kwenye upepo, na hapa ningekaa dakika nzima. Mpango wa awali ulikuwa wa antena kubwa za kudumu. Poldhu walisimamisha milingoti 20 kwa duara, kila mmoja una urefu wa mita 60 hivi. Dhoruba ya Septemba 1901 ikaiangusha yote. Kituo cha upande wa Marekani, Cape Cod, nacho kikaanguka Novemba. Poldhu ikajengewa antena ndogo zaidi, na Marconi akaenda Newfoundland na maputo na tiara. Siku ile tiara ndiyo iliyobeba waya wa mita kama 150. Tiara hupanda na kushuka, na kila ikipanda au kushuka tabia ya umeme ya antena hubadilika, kwa hiyo kipokezi kilichowekwa kwenye masafa maalumu kilipoteza shabaha kila dakika. Akalazimika kutumia kipokezi kisichochagua masafa, chenye tone la zebaki ndani ya kibomba cha kioo, na kusikiliza kwa kipokezi cha simu sikioni. Utepe haukuhusika tena. Ushahidi ukabaki masikio ya watu wawili waliojua wanachokitarajia.

Ongeza na jua. Mchana, mwanga wa jua hutengeneza tabaka la chembe zenye chaji kwenye kimo cha kilomita 60 hadi 90, na tabaka hilo hunyonya mawimbi ya masafa ya kati. Usiku hufifia, mawimbi yakapita hadi matabaka ya juu zaidi na kurudishwa chini mbali sana. Newfoundland ilikuwa mchana, na sehemu kubwa ya bahari iliyo katikati ilikuwa bado na jua. Ndiyo maana mpaka leo wataalamu wanabishana kama kweli S ilifika. Marconi mwenyewe alirudia jaribio Februari 1902 ndani ya meli Philadelphia, safari hii kwa utepe na nahodha akitia sahihi: mchana mawimbi yalikatika baada ya kilomita 1,100 hivi, usiku S ilisomeka zaidi ya kilomita 3,300. Mwaka uleule Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa upande wake, wakapendekeza kwamba juu ya angahewa kuna tabaka linalorudisha mawimbi. Ujumbe kamili kutoka Kanada kwenda Uingereza ulipita Desemba 1902. Kwa hiyo redioni sema hivi: "Siku kama ya leo mwaka 1901, Marconi alisema amesikia." Neno "alisema" usiliache. Shaka yenyewe ndiyo fizikia unayotaka vijana wako waisikie.

OSCAR 1 ni fupi, na ipumzishe masikio baada ya Marconi. Tanganyika ilikuwa na siku tatu tangu ipandishe bendera yake. Kule California, roketi ya Jeshi la Anga la Marekani iliyobeba setelaiti ya kijeshi ilihitaji uzito wa kusawazisha mzigo. Kundi la waendesha redio wa ridhaa likaomba nafasi ya kipande kimoja cha uzito huo, likaweka kisanduku chao cha kilo 4.5 hivi. Kilisukumwa nje na springi iliyonunuliwa dukani kwa dola 1 na senti 15. Ndani kulikuwa na betri na kirusha mawimbi cha miliwati 140 kwenye masafa ya 144.983 MHz. Balbu ya LED ya wati 7 hapo studio hutumia nguvu mara 50 ya hiyo.

Kisanduku kilisema neno moja tu, HI, yaani nukta nne, kituo, nukta mbili. Lakini kasi ya kulisema ilitegemea joto lililokuwemo ndani, kwa hiyo mtu mwenye redio na saa ya mkononi angehesabu idadi ya HI, akaenda kwenye jedwali na kujua setelaiti ina nyuzi ngapi za joto. Hakuna kompyuta, hakuna kipimo kingine chochote. Waendesha redio zaidi ya 500 kutoka nchi 28 walituma taarifa zao. Betri ziliisha baada ya wiki tatu hivi, na tarehe 31 Januari 1962 setelaiti iliungua ikirudi angani mwa dunia. Mpigie msikilizaji hiyo HI mezani kwa kalamu, polepole, halafu haraka, umwambie: sasa imepata joto.

Uhuru ndiyo kiini cha kipindi chako, nayo uipe muda mrefu kuliko zote, kwa sababu ni neno letu lililokwenda angani na watu wengi wa hapa hawajawahi kulisikia likisimuliwa. Hakikisha kwanza umiliki. Setelaiti ilikuwa ya NASA, na jina lake la kiofisi lilikuwa SAS-1. Waliorusha ni Waitaliano wa mradi wa San Marco ulioongozwa na Luigi Broglio. Mahali palikuwa jukwaa la chuma baharini, karibu na Malindi, pwani ya Kenya, kama kilomita 600 kutoka Dodoma kwa mstari ulionyooka. Roketi ilikuwa Scout, ya hatua nne, mafuta yake yabisi. Siku ilikuwa Jumamosi, na Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba tangu uhuru wa 1963. Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo upande wa NASA, ndiye aliyeipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na wenyeji wao.

Kwa nini waje mpaka huku? Wengi husema dunia inazunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta, hivyo roketi inapata msukumo wa bure. Ni kweli: ni mita 465 kwa sekunde pale ikweta, na kama 409 pale Florida. Tofauti hiyo ni ndogo. Sababu kubwa ni mwelekeo wa njia. Setelaiti ikirushwa kuelekea mashariki, njia yake hupanda kaskazini na kushuka kusini kwa nyuzi zilezile za latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, za mahali iliporushwa. Kutoka Florida ingeyumba hadi nyuzi 28. Kutoka jukwaa la Malindi iliyumba nyuzi 3 tu. Hilo lilihitajika kwa sababu juu ya Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambalo mikanda ya mionzi ya dunia hushuka chini, na vipimo vya Uhuru vingejaa kelele kila vikipita katikati yake. Ukikaa karibu na ikweta unalikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa.

Hapa kuna hesabu ambayo wanafunzi wako wataipenda. Uhuru ilikuwa kwenye kimo cha kilomita 550 hivi na ilimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 96. Dodoma iko nyuzi 6 kusini, kwa hiyo haikupita utosini mwa mji hata siku moja. Ila kutoka kimo hicho upeo wa macho unafika kama kilomita 2,600 kila upande. Maana yake ilipita katika anga ya Dodoma kila mzunguko, mara 14 kwa siku, mwaka hadi mwaka, watu wakiwa mashambani na sokoni, mpaka ilipokoma kufanya kazi Machi 1973.

Ilikuwa inatafuta eksirei kutoka kwenye nyota. Mwambie msikilizaji asichanganye na eksirei ya hospitali, ingawa ni mnururisho wa aina ileile. Hewa yetu huinyonya kabisa kabla haijagusa ardhi, na ndiyo maana hata mlima mrefu hausaidii. Kabla ya 1970 wanasayansi walitegemea roketi ndogo zilizopanda na kuanguka, zikipata dakika chache tu za kutazama. Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wamegundua chanzo cha kwanza nje ya mfumo wa jua kwa njia hiyo mwaka 1962. Uhuru ilikuwa setelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Uzito wake ulikuwa kama kilo 140. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikiwa na uwazi wa sentimita za mraba 840 hivi, karibu sawa na karatasi ya A4 na theluthi. Mbele ya kila kimoja kulikuwa na vijia vya chuma vilivyoruhusu mwanga wa upande mmoja tu. Setelaiti yote ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikifagia anga kama mtu anayegeuza kurunzi gizani, ila hii ilipokea badala ya kumulika.

Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339. Kwa kipindi chako chukua viwili. Centaurus X-3 ilipatikana ikipiga kila sekunde 4.84, na kila baada ya siku 2.1 ilijificha kisha ikarudi. Maana yake ilikuwa kitu kidogo kinachojizungusha, na kinachozunguka nyota nyingine kubwa inayokikinga. Piga meza kila sekunde tano kasoro kidogo, mara nne, ukae kimya katikati. Sekunde 15 za namna hiyo redioni zina nguvu kuliko aya nzima. Cha pili ni Cygnus X-1. Mwanga wake ulitetemeka kwa vipande vidogo vya sekunde, na kitu hakiwezi kutetemeka kwa haraka kuliko muda ambao mwanga unatumia kukivuka, kwa hiyo lazima kiwe kidogo. Wenye darubini za ardhini wakaonyesha, mwaka 1971 na 1972, kwamba kinazungukana na nyota kubwa kila siku 5.6, na uzito wake ni mkubwa mno kwa kitu kidogo kiasi hicho. Hicho ndicho kikawa kitu cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi, kitu ambacho hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Yaliyobaki yawekee akiba. Kuzaliwa kwa Noyce si tukio la sayansi. Saketi jumuishi, yaani chipu ya kompyuta, kazi iliyomfanya ajulikane, itafutie siku yake yenyewe. Hisa za Apple ni habari za soko. Hovakrafti isubiri 25 Julai, siku ambayo mwaka 1959 chombo cha SR.N1 kilivuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, miaka 50 kamili baada ya Louis Blériot kuivuka kwa ndege.

Ajali ya Chalk River, Kanada, nisingeibana kwenye dakika mbili. Kinu cha NRX kilipoteza udhibiti tarehe 12 Desemba 1952 baada ya vali kufunguliwa kimakosa na fito zinazozima mmenyuko wa nyuklia kupanda juu. Katika kuhangaika, msimamizi aliagiza kwa simu vibonye visivyo sahihi, na fundi alikwishaweka simu chini ili mikono yake ivifikie, hivyo hakuweza kuambiwa asubiri. Lita kama milioni 4.5 za maji yenye mionzi zilijaa chini ya jengo. Kwa mkoa ambao Bahi yake, na jirani yake Manyoni, vimewahi kutafutwa urani, hicho ni kipindi kizima peke yake.

Sasa jaribio. Unahitaji betri moja kubwa ya tochi ya volti 1.5, tupa ya chuma isiyo na mafuta wala rangi, vipande viwili vya waya wenye ganda, nusu mita kila kimoja, utepe wa umeme, na redio ndogo ya mkono yenye AM. Menya ncha zote za waya sentimita 2. Bana ncha ya waya wa kwanza kwenye upande hasi wa betri, na ncha yake ya pili ifunge kwenye mkia wa tupa. Waya wa pili ubane upande chanya, ncha yake iwe huru. Weka redio sentimita 30 kutoka kwenye tupa, chagua AM, tafuta mahali pasipo na stesheni, ongeza sauti. Kisha kwaruza meno ya tupa kwa ile ncha huru, kwa mguso mfupi. Kila jino linakata na kuunga umeme, kila mkato unatoa kicheche, na redio inasema krr. Mikwaruzo mitatu mifupi ni S. Minne, kituo, miwili, ni HI.

Usiiache ncha imetulia juu ya tupa. Hapo umeunganisha betri moja kwa moja, na ndani ya sekunde chache waya na betri vitachemka. Mguso usizidi nusu sekunde, na pumzika kati ya herufi na herufi. Usibadilishe betri ya tochi kwa ya pikipiki, ya sola au ya simu kwa hali yoyote. Hizo hutoa mkondo mkubwa unaounguza mkono na kuwasha moto. Usiunganishe waya mrefu kama antena pia. Cheche hurusha mawimbi kwenye masafa yote kwa pamoja, na ndiyo sababu mitambo yake ilipigwa marufuku duniani. Ya kwako, bila antena, inaishia mita moja au mbili, na ibaki hapo.

Ikiwa husikii kitu, mara nyingi redio iko kwenye FM, ambayo imeundwa kupuuza kelele za aina hii. Kama iko AM na bado kimya, izungushe robo mzunguko juu ya meza, maana antena iliyomo ndani ni kijiti chenye upande wake wa kusikia. Ukisikia mvumo usiokoma hata kabla ya kukwaruza, kisababishi ni chaja ya simu, balbu ya LED au kidhibiti cha sola kilicho karibu, na studio imejaa vitu hivyo. Nenda siku moja kabla, zima kimoja kimoja mpaka mvumo ukome, weka alama kwa chaki pale redio inaposikia vizuri. Maikrofoni ikae sentimita 20 kutoka kwenye spika ya redio, si kwenye tupa. Kipindi chako kitarushwa kwa FM na bado watasikia, kwa sababu kinachosafiri ni sauti iliyoingia kwenye maikrofoni.

Dakika ya mwisho wape kazi wasikilizaji wenye redio za AM. Saa sita mchana kesho yake wapitishe mshale kutoka mwanzo hadi mwisho wa masafa ya kati, wahesabu stesheni na waandike lugha wanazozisikia. Warudie saa tatu usiku mahali palepale, redio ikiwa imeelekea upande uleule. Usiku idadi itapanda, nao watakuwa wamelipima lile tabaka lililomtesa Marconi. Siku ya mawingu waandike pia krr za radi kwa dakika moja. Watume majibu kwa ujumbe wa simu, na uwaambie wazi kwamba saa ziandikwe kwa mtindo wa Kiswahili na neno "mchana" au "usiku" liwepo, la sivyo utapokea "saa 3" na "21:00" kwenye karatasi moja na hutaweza kuzilinganisha.